Jibu Walilotaka Kusikia

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa kuokota pini. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilichokuwa sebule jioni kilikuwa karakana yake mchana. Binti yake alifagia vipande vya vitambaa, akapiga magoti, akapapasa sakafu kwa kiganja kutafuta pini zilizodondoka jana, maana mdogo wake hakupenda viatu hata kidogo. Akimaliza alinawa, akakaa kitandani kando ya mdogo wake, akamshika mikono yote miwili wakati mama anavuta dawa kwa bomba la sindano.

"Hesabu mpaka tatu," mtoto alisema.

"Moja, mbili..."

Mama alichoma kwenye mbili. Kila siku alichoma kwenye mbili, na kila siku mtoto alilalamika kwamba amedanganywa.

Yule binti aliitwa Redio. Jina hilo alilipata kwa baba yake, kwa sababu tangu ajue kusoma hakuacha kitu kipite bila kukisoma kwa sauti: mifuko ya saruji, mabango ya barabarani, gazeti kuukuu lililofungiwa misumari, hata ujumbe wa simu za watu wazima. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alirudi jioni masikio yakiwa bado yanavuma kwa kelele za kazini, akasikia habari zote za dunia kabla hajavua viatu. "Redio hii haitumii betri," alikuwa akisema. "Ingetumia, angalau ningepumzika zikiisha." Sasa Redio alikuwa na miaka kumi na mitatu, na utani ule ulikuwa umegeuka kuwa cheo. Karatasi yoyote iliyoingia nyumbani, yeye ndiye aliyeisoma na kuieleza.

Mdogo wake alikuwa na miaka tisa. Walimwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, na mama akalazimika kushona koti lile upya na vifungo vingine kabisa. Alikuwa mtoto mnene, mcheshi, mwepesi wa kukimbia. Kisha akaanza kunywa maji kama mtu aliyetobolewa. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, akaenda chooni, akarudi kunywa tena. Akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, na mama akamgombeza kwa uvivu. Kaptura zake zikaanza kuteremka. Mama alipunguza kiuno cha kaptura ya shule, akapunguza tena, na mara ya mwisho akashangaa kwamba vitambaa vya siku hizi vinalegea ovyo. Hakufikiria kwamba ni mtoto anayepungua.

Siku Kifungo alipoanguka darasani, hospitali walimtoboa kidole na kusema ni kisukari. Daktari aliwaeleza wakiwa wamesimama kwenye ujia, huku wagonjwa wengine wakimwita. Alisema mwili wa mtoto umeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo lazima aipate kwa sindano kila siku. Alisema mengine pia, lakini baba na mama hawakuyasikia. Walirudi nyumbani na vichupa vya dawa, mabomba ya sindano, kipimo cha kidole, na maswali ambayo hawakujua wamwulize nani.

Majibu yalijileta yenyewe. Mama mmoja aliyefuata gauni lake alisema, "Pole, lakini na nyinyi mlimzidishia pipi." Shuleni mtoto mmoja alihama dawati, akawaambia wenzake kwamba ukinywea kikombe cha Kifungo na wewe utaanza kukojoa kitandani. Mwalimu wao wa darasa alimwambia Redio kwa huruma kwamba hajawahi kusikia mtoto mwenye ugonjwa huo, kwamba ni ugonjwa wa wazee na matajiri, labda vipimo vilichanganywa. Kila mtu alikuwa na neno, na kila neno liliingia ndani ya nyumba ile na kukaa.

Ndipo akaja shangazi.

Shangazi alikuwa dada mdogo wa baba, msusi wa nywele, mwenye roho nzuri na mdomo mwepesi. Alifika asubuhi moja wakati Kifungo amejificha chini ya meza ya kukatia nguo, hataki kuchomwa, na mama amelala kifudifudi sakafuni akijaribu kumvuta mguu.

"Wifi," shangazi alisema, "huyu mtoto mnamtoboatoboa kama kitambaa. Mpaka lini?"

"Daktari alisema kila siku."

"Nasikia. Mpaka lini?"

Mama aliinuka, akajipangusa magoti. "Hakusema," alijibu, na sauti yake ikakatika.

Jioni ile shangazi alirudi. Aliweka simu yake katikati ya meza ili wote waone. Kwenye video alionekana mwanamume aliyevaa koti jeupe, amesimama mbele ya kabati lililojaa vitabu. Alisema kwa upole, kama mtu anayeongea na ndugu zake, kwamba hospitali hazitaki watu wajue siri hii. Sindano za insulini, alisema, ndizo zinazoufanya mwili uwe mvivu. Ukiziacha na kunywa unga wake wa mizizi, mwili huamka wenyewe, na mtoto hupona kabisa. Mwisho alitaja namba ya simu.

"Nimetumiwa na mteja wangu, naye alitumiwa na mtu anayemwamini," shangazi alisema. "Makundi yote yanayo. Na mimi nimeshawatumia watu wangu." Akafungua mkoba, akatoa kopo jeupe la plastiki. Alikuwa ameshalinunua.

Baba alilishika kopo, akaligeuza, akalinusa. Alitazama mikono ya mwanawe iliyokuwa myembamba kama vijiti. Kisha akasema, "Redio, msomi wa nyumba hii ni wewe. Hebu angalia kwenye simu kama jambo hili ni kweli."

Redio alichukua simu ya mama yenye kioo kilichopasuka, akaenda kukaa kizingitini. Aliandika: dawa ya asili inayoponya kisukari kwa watoto. Kurasa zikaja nyingi, zenye picha za watoto wanaocheka na wazazi wanaoshukuru. "Mwanangu amepona kabisa, asanteni sana." Akafungua nyingine, nayo ilisema vivyo hivyo. Moyo ulimdunda kwa furaha. Akaendelea kushuka.

Chini kabisa palikuwa na ukurasa usio na picha hata moja, wa chama cha madaktari wa watoto. Maandishi yalikuwa madogo na marefu. Alisoma sehemu moja tu: mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi tena insulini, asiachishwe insulini hata siku moja, na hakuna mmea wala unga unaoweza kuchukua nafasi yake. Aliisoma tena. Kisha akainua macho, akatazama ndani. Kifungo alikuwa amepakatwa na shangazi, anacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mama alikuwa ameacha kushona. Baba alikuwa amesimama na kopo mkononi. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

Redio akaufunga ukurasa ule.

"Waliopona wapo," alisema. "Ni wengi sana."

"Na wanaokataa hawapo?" mama aliuliza.

Msichana aliifunika simu kwa kiganja. "Kila kitu kina wanaokikataa, mama," alijibu, kama mtu mzima.

Kesho yake hakuna aliyejificha chini ya meza. Kifungo alikunywa unga uliokorogwa kwenye maji, akakunja uso kwa uchungu wake, akasema ni bora mara mia kuliko sindano. Mama aliviacha vichupa vya insulini ndani ya chungu chenye ubaridi, hakuvitupa, lakini hakuvigusa. Mchana mtoto alicheza. Jioni kiu ilirudi.

Siku iliyofuata kipimo cha kidole kilionyesha sukari imepanda. Redio aliiandikia ile namba ya kwenye video. Jibu lilikuja haraka: "Hiyo ni sumu inatoka mwilini. Dawa inafanya kazi. Ongezeni kijiko." Wakaongeza. Baada ya hapo Kifungo akaanza kutapika, akashika tumbo na kulia kwamba linamkata. Redio akaandika tena. "Anasafishika. Msimpeleke hospitali, wataharibu kazi yote." Kipimo hakikuonyesha namba tena. Kilionyesha herufi tu, ishara kwamba sukari imevuka kiwango chake, lakini nyumbani hakuna aliyejua maana yake. Redio alifungua simu mara kadhaa akitaka kuutafuta ule ukurasa usio na picha. Kila mara aliifunga kabla ya kuandika neno. Angewaambia nini? Kwamba aliuona tangu mwanzo?

Jumamosi asubuhi aliingia chumbani na kikombe cha maji, akamkuta mdogo wake anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia mbio ndefu, ingawa alikuwa amelala. Kifua kilipanda na kushuka kwa nguvu. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoanza kuoza. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Kifungo."

Alifungua macho, akamtazama kama mtu asiyemjua.

Redio hakukumbuka baadaye alipiga kelele gani. Alikumbuka cherehani ikinyamaza, na mama akiingia na uzi mdomoni. Baba alikimbia kutoka kazini na miwani ya kuchomelea ikiwa bado juu ya kichwa chake, pamoja na mteja mmoja mwenye gari la kubebea mizigo. Walimlaza mtoto mapajani mwa mama, katikati ya mageti ya chuma yaliyokuwa yanapelekwa kwa mwenyewe. Njia nzima mama aliongea naye. Njia nzima hakujibu.

Hospitali walimpokea mbiombio. Wauguzi wawili walihangaika kutafuta mshipa, maana mwili ulikuwa umekauka mno, na damu ilipotoka hatimaye daktari mwanamke mwenye nywele fupi aliitazama karatasi ya majibu, akageuka.

"Insulini alichomwa lini mara ya mwisho?"

Baba alimtazama mama. Mama alitazama sakafu.

"Naomba mnijibu. Siulizi ili niwagombeze. Nauliza ili nijue nimpe nini."

"Tuliacha," Redio alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, kama si yake. "Tulikuwa tunampa unga. Mimi ndiye niliyesoma kwenye simu kwamba unaponya."

Daktari alimgeukia muuguzi, wakaanza kazi, na pazia likavutwa.

Wodini, kitanda cha pili kutoka cha Kifungo, alikuwa amelazwa msichana wa sekondari. Mama yake alikuwa mchuuzi wa vyombo vya plastiki, na alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwenye biashara yake, kwapa zikinuka jasho, khanga imefungwa vibaya. Alimweleza mama yake Redio bila kuulizwa. Binti yake alikonda, akawa anachoka, anakunywa maji mno. Wakasema ni malaria. Wakasema ni mawazo ya mitihani. Jirani mmoja alitaja kisukari, lakini watu wakamcheka, wakasema tangu lini mtoto akaugua kisukari.

"Na mimi nilicheka," mchuuzi alisema. "Nilicheka na wao."

Alasiri mashine iliyokuwa inalia taratibu kando ya kitanda cha yule msichana ikabadili mlio. Madaktari walikuja wakikimbia. Redio na wazazi wake walitolewa nje, wakasimama ujiani. Walisikia vyuma vikigongana, sauti zikiita vitu, kisha hawakusikia kitu. Mchuuzi wa vyombo hakupiga kelele. Alitoka akitembea polepole, akiwa ameshika viatu vya shule vya binti yake, kimoja kila mkono, akaenda kukaa ukutani kwenye jua.

Mama alimfuata, akakaa chini kando yake. Redio aliwatazama kwa mbali.

Kifungo alizinduka siku ya pili. Alifungua macho, akauliza kwa nini amefungwa kwenye mpira, akimaanisha mrija wa dripu, kisha akauliza kama kuna chakula. Baba alitoka nje haraka, akaegemea nguzo, mabega yakitikisika. Alirudi macho mekundu, akadai ni moshi wa kuchomelea, mahali ambapo hapakuwa na moshi wala moto.

Mchana huo alikuja muuguzi wa kliniki ya kisukari ya watoto, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, anayetembea na kalamu sikioni kama seremala. Alimpima mtoto, akaongea na wazazi, kisha akamkuta Redio kwenye benchi la ujiani.

"Wewe ndiye uliyesema kweli kwa daktari," alisema, akakaa.

"Sikusema yote." Redio alikuwa amekunja vidole mpaka vimebadilika rangi. "Nilisoma pia kwamba asiachishwe insulini. Ilikuwa imeandikwa. Nikaufunga ule ukurasa. Kaka, kama Kifungo angekufa, ningekuwa nimemuua mimi."

Muuguzi alimgeukia. "Kwa nini uliufunga?"

"Walikuwa wananitazama. Kifungo alikuwa anacheka. Nilitaka ule mwingine uwe wa kweli."

"Naam. Simu unayo? Tafuta tena, kama ulivyotafuta siku ile. Usibadili hata neno."

Redio alisita, kisha akaandika. Wale watoto wanaocheka wakaja tena.

"Ona swali lako," muuguzi alisema. "Umeandika 'dawa inayoponya'. Umeshakubali kwamba ipo kabla hujauliza. Basi simu imekuita wauzaji, na wauzaji wamekuja. Haya, soma huyu mama anasema nini."

"Mwanangu amepona kabisa, asanteni sana."

"Na ukurasa wa pili?"

Redio alisoma, akatulia. Maneno yalikuwa yale yale, hata mahali pa nukta palikuwa pale pale. Jina la mama ndilo lililobadilika. Akafungua wa tatu. Picha ya mtoto ilikuwa moja na ya kwanza, ila huku aliitwa jina la kiume.

"Siku ile sikuona," alinong'ona.

"Hukuwa unatafuta kuona. Sasa niambie, huyu mwenye koti jeupe anaitwa nani? Anafanya kazi hospitali gani?"

Alitafuta juu na chini. Hapakuwa na jina wala hospitali. Palikuwa na namba ya simu na bei.

"Koti jeupe hata mimi naweza kushonewa na mama yako kesho," muuguzi alisema. "Mtu anayekutisha usiende hospitali, na papo hapo anakuuzia kopo, huyo hakupi habari. Anakufanyia biashara. Sasa andika swali lisilo na upande. Andika, 'kisukari cha aina ya kwanza kwa watoto, matibabu'."

Safari hii ukurasa wa chama cha madaktari ulikuja juu, na mwingine wa wizara ya afya, na mwingine wa hospitali ya watoto. Zote zilikuwa na majina ya walioandika, na siku zilipopitiwa mara ya mwisho. Hazikufanana maneno, lakini zilikubaliana: kiu, mkojo mwingi, kukonda na kuchoka kwa mtoto si mambo ya kungojea, ugonjwa huu hauambukizwi, hauletwi na pipi, insulini haiachwi. Redio aliupata pia ukurasa mmoja uliosema kwamba sukari inaweza kushuka kwa kupunguza uzito na kubadili chakula.

"Huu nao ni uongo?" aliuliza.

"Hapana, ni wa kweli. Soma mstari wa juu."

"Kisukari cha aina ya pili... kwa watu wazima."

"Umeona? Hata vijana wengine wanayo aina hiyo, lakini mdogo wako si mmoja wao. Neno linaweza kuwa kweli na bado likamuua mtu lisiyemhusu. Ndiyo maana ukishasoma vizuri, unabaki na kazi moja: kumwuliza anayemjua mgonjwa wako. Na hapo kosa ni letu. Tuliwapa dawa mkaenda nayo, hatukuwapa mtu wa kumwuliza. Daktari wenu wa siku ile ya kwanza anajua, na imemuuma." Akamtajia namba ya kliniki, akamngoja mpaka ameihifadhi, akaipiga palepale ili wote wawili wasikie simu ikiita mezani kwake.

Shangazi alifika jioni. Alikuwa ameambiwa njiani, na alianza kujitetea tangu mlangoni: alitaka mema, hakumshikia mtu kisu, hata Redio alisema ni kweli. Kisha akafika kitandani, akauona mkono wa Kifungo uliojaa alama za kutafutwa mshipa. Alikaa sakafuni, yeye na gauni lake zuri, akafunika uso.

"Nimewatumia watu wangapi?" alisema. "Sijui hata nimewatumia watu wangapi."

Mama alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa. Aliyameza. "Anza sasa," alisema.

Shangazi alirekodi sauti yake pale pale wodini, akiwa ameshika ukingo wa kitanda. Aliitaja ile video ya mtu wa koti jeupe, akasema yeye ndiye aliyeisambaza, na kwamba mtoto wa kaka yake ameponea chupuchupu. Akaituma kwenye kila kundi. Wengine walimshukuru. Wengine walimtukana, wakamwambia amehongwa na hospitali. Mteja wake mmoja, aliyewahi kununua makopo mawili kwa ajili ya mtoto wake, hakujibu. Shangazi alimpigia siku hiyo, akampigia siku zilizofuata, akaenda mpaka alipokuwa anaishi. Walikuwa wamehama, na hakuna jirani aliyejua wamekwenda wapi. Tangu hapo shangazi hakuwahi tena kutuma kitu asichokijua mwenyewe kilikotoka, na alikuwa mtu wa kushtuka kila simu yake ilipoita.

Nyumbani sindano zilirudi. Shuleni, muuguzi alifika kwa mwaliko wa mwalimu wa darasa, ambaye alikiri mbele ya wanafunzi kwamba alichowahi kusema juu ya ugonjwa huo alikisikia tu na hakukihakikisha. Yule mtoto aliyehama dawati alirudi, kwa aibu, akijifanya kwamba dawati lake jipya lina msumari.

Lakini Kifungo hakuwa mcheshi kama zamani. Siku ya kliniki, wakiwa wamekaa kwenye viti vya kungojea, aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa amelikwepa.

"Redio, mimi nitapona lini?"

Mama aliacha kupekua mkoba. Baba aligeuka. Redio aliona macho yao yote yamemwelekea, kama siku ile ya kizingitini.

"Sijui," alisema. "Na nikikwambia kitu cha kukufurahisha nitakuwa nakudanganya. Twende tukamwulize."

Wakaingia. Muuguzi aliweka kalamu mezani, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia magoti ya mtoto.

"Hadi leo hakuna dawa inayouondoa ugonjwa huu," alisema. "Watu wenye elimu wanaitafuta, na ikipatikana utaisikia hapa kwangu. Lakini insulini itakufanya ukue, ucheze, usome, uoe ukitaka, uzeeke mpaka uwe unanung'unika na kuwagombeza wajukuu. Ni kila siku, mwanangu. Sitakuficha."

Kifungo alilia. Alilia kwa muda mrefu, uso kwenye tumbo la mama yake, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Redio naye alilia. Alipotulia, mtoto alijifuta kamasi kwa mkono wa shati, akanyoosha kidole chake mwenyewe kipimwe.

Wakiwa njiani kurudi, walipofika kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, baba alisimama. Alimwekea Redio mkono begani. Ulikuwa mkono mzito, wenye makovu ya cheche.

"Mwanangu, umejilaumu vya kutosha," alisema. "Ulificha ulichokisoma, na hilo ni kosa, usilirudie. Lakini mimi ni baba, na nilimpa mtoto kazi ya kuamua uhai wa mtoto mwenzake, kwa sababu niliogopa kwenda kuuliza na kuonekana mjinga. Kosa hilo ni langu, na ni kubwa kuliko lako. Kuanzia leo utatusomea yote, hata yanayotuumiza. Hasa hayo. Tukishasikia, mimi na mama yako tutakwenda kuwauliza wanaomtibu, ndipo tuamue. Habari haiwi kweli kwa sababu inatufurahisha, wala kwa sababu imetumwa na mtu anayetupenda. Shangazi yako anampenda Kifungo kuliko macho yake, na alikuja na sumu mkononi."

Mama alikuwa ametangulia na Kifungo. Alisimama, akageuka, akawaita waharakishe, kwa sababu saa ya sindano ilikuwa imekaribia, na mtoto lazima ale.